Barua ya Mwalimu Mideva

Mwalimu Mideva alifundisha bayolojia miaka kumi na tisa katika shule ya wasichana karibu na Mukumu, na hakuna aliyemshinda kuchora seli ubaoni. Mwaka 1997 chaki ikaanza kumponyoka. Akadhani ni uchovu. Kufikia Agosti hakuweza hata kujifunga vifungo, na daktari wa Eldoret akamweleza bila kuficha: neva zinazoamrisha misuli zilikuwa zinakufa, na dawa hakuna.

Novemba ya mwaka uliofuata, miguu ilikuwa imeshalala na ulimi umekuwa mzito. Mumewe Barnaba, fundi wa baiskeli, akaja mbio kutoka sokoni na gazeti.

"Mama Gentrix! Wazungu wamekuza seli za mtu kwenye maabara. Zinaweza kugeuka kuwa neva, misuli, chochote! Hebu soma."

Akamshikia gazeti mbele ya macho. Mideva alisoma hadi mwisho, akaelewa kila neno, na kuelewa ndiko kulikomuumiza. Seli zile zilikuwa bado ndani ya visahani. Hata panya alikuwa hajatibiwa nazo, sembuse mtu. Wanasayansi wale walihitaji miaka. Yeye alikuwa amebaki na miezi.

"Tuwaandikie," Barnaba akasema. "Wewe useme, mimi niandike."

Mideva alitaka kumwambia ukweli. Lakini mumewe alikuwa kashafuta grisi mikononi, kalamu tayari, amechangamka kuliko siku yoyote tangu Eldoret. Akamwacha aandike. Ukurasa mmoja uliwachukua siku tatu, Barnaba akiinamisha sikio mdomoni mwake na kurudia neno baada ya neno. Kufikia Krismasi sauti ilikuwa karibu kwisha.

Jibu lilifika Machi. Barnaba alilisoma kimya mlangoni, kisha akajilazimisha kutabasamu.

"Wanashukuru. Wanasema tungoje kidogo."

"Soma... yote."

Akasoma. Hawakuwa na tiba ya kumpa mgonjwa yeyote, huenda ikachukua miaka mingi, walisikitika sana.

"Kumbe ulijua," Barnaba akasema polepole, alipoona mkewe hakushtuka.

Mideva akafumba macho. Alitamani kumweleza kwa nini alinyamaza, na mengine mengi ambayo mke humwambia mumewe, lakini sauti yake ya mwisho alikuwa ameimalizia kwa watu wasiomjua. Barnaba akaketi sakafuni kando ya kitanda, akalia kwa kwikwi, naye hakuweza hata kunyoosha mkono kumgusa.

Walimzika Mei, mvua ikinyesha.