Kifuniko Namba Saba

Karakana nzima ilimwita Bi Kwa Nini. Alikuwa mkaguzi wa ndege ndogo za abiria, mama wa makamo ambaye hata kwa jirani hakunywa chai kabla ya kuuliza kwa nini meza ile inayumba. Mafundi walimkimbia, na yeye akawafuata.

Kwa kawaida alifika mafundi wakiwa wameshafungua kila kitu. Siku hiyo aliwahi. Mbele yake palikuwa na ndege ya abiria tisa, kikongwe cha miaka arobaini, iliyotakiwa kuruka adhuhuri. Chini ya bawa la kulia akaona skrubu za kifuniko zimezibwa na rangi, na namba saba iliyochongwa juu yake ikionekana kwa shida. Ndege ilipakwa rangi miaka sita iliyopita, na daftari la matengenezo lilisema kifuniko hicho hufunguliwa kila mwaka. Bisibisi gani hiyo isiyochubua rangi? Akahamia bawa la kushoto. Huko skrubu za kifuniko kama hicho ziling'aa kwa kufunguliwa.

Aliyejaza daftari ni shemeji yake, mume wa dada yake, fundi mwaminifu awezaye kurudi nusu ya safari kuhakikisha kama amefunga mlango.

“Shemeji, hebu nioneshe namba saba.”

Fundi akatazama mchoro, akanyoosha kidole bawa la kushoto. “Si hii hapa? Mbona unaniuliza kama mgeni?”

Bi Kwa Nini akausoma mchoro mpaka maandishi madogo ya pembeni. Ndege ilikuwa imechorwa kama inavyoonekana kutoka chini. Kushoto kwa karatasi kulikuwa kulia kwa ndege.

Fundi akakaa sakafuni. “Miaka sita nafungua bawa silo!”

Wakakifungua cha kulia. Kwenye kiungo cha bawa palikuwa na ufa mfupi kuliko ukucha, na abiria tisa walikuwa wameshapimiwa mizigo.

“Andika ni mimi,” fundi akasema. “Leseni waichukue tu.”

Bi Kwa Nini akaandika ndege isiruke. Kisha akafunua kurasa za nyuma. Chini ya kila sahihi ya shemeji palikuwa na sahihi ya aliyethibitisha, na zote sita zilikuwa za Bi Kwa Nini mwenyewe. Kila mwaka alichungulia pale pale tochi ya shemeji ilipomulika, akaridhika. Aibu ikamchoma. Watu wote aliwauliza kwa nini, isipokuwa huyu mmoja.

Akashika kalamu, akaanza na kosa lake mwenyewe.