Sare za Kanisa Kwenye Changarawe ya Karoo

Mwezi uliopita nilipita tena zile barabara za changarawe za nyika kame ya Karoo, na kilichonipokea ni nepi. Nepi za kutupa, zimenasa kwenye miiba kando ya njia, zimevimba kwa jua. Nilikunja pua, rafiki yangu, kisha nikacheka, maana hata utotoni sikuwahi kupita pale bila kichefuchefu.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani huku mjini, mtaa wa Bellevue. Akina mama wa shamba moja la kondoo huko Karoo walimpa kazi yake ya kwanza kubwa: blauzi nyekundu za kanisa zenye kola nyeupe. Wangezikataa, angerudi kusuka nywele mtaani Joubert Park, kazi iliyokuwa ikimvunja mgongo.

Usidhani vumbi la changarawe huingia kwa mbele. Gari huliburuta, nalo hupenyea nyuma. Kwa hiyo siku ya kuzipeleka baba alilikaza turubai la pikapu mpaka hewa ikakosa pa kupita. Alifanya vizuri. Ila mama, Mkongomani wa kweli, hakujua kwenda kwa watu mikono mitupu: kando ya sare aliweka makayabu, samaki wa chumvi, zawadi kwa wenyeji. Tulishinda juani, mabonde makavu, nyasi za kijivu, meno yangu yamejaa mchanga, harufu ikitufuata.

"Weye, ukitapika, tapikia dirishani!" mama alinisihi.

Turubai lilipofunguliwa, nzi walitangulia kuzipokea sare. Kiongozi wa akina mama alinusa kola moja, akaishika mbali na uso. Baba, aliyeijua lugha yao, alitafsiri huku akitazama chini: "Anauliza, umewashonea wao au samaki?"

 Mama alivua viatu, akaomba sabuni. Maji ya kufulia yalikuwa kwenye birika la kunyweshea kondoo tu, ya kijani, yenye ute na manyoya yanayoelea. Nilitaka kulia kwa kinyaa. Yule kiongozi alimtazama mama akifua peke yake, kisha naye akakunja mikono ya nguo. Wengine wakafuata, wakicheka hadi machozi. Upepo ule mkavu ulikausha kola kabla chai haijachemka, na kesho yake walizivaa. Tangu hapo walimwita Mama Samaki, na hawakushonesha kwingine.

Leo geti la shamba lina kufuli. Wenyeji walihamia mjini, nyumba zao zimebomolewa, na ndani ya birika ameozea mwanakondoo. Nilimpigia mama simu nikiwa nimeziba pua.

"Umewakuta?"

"Hakuna mtu, mama."

"Hata wa kunicheka?"

"Hata wa kukucheka."