Asante ya Sajini Ayaa

Sajini Ayaa alikuwa mwanamke wa lango. Miaka thelathini ya upolisi, na mingi kati ya hiyo aliimaliza kwenye kibanda cha zamu cha kambi ya polisi ya Naguru, akiinua kizuizi na kukishusha. Kando ya kitabu cha wageni aliweka kamusi kuukuu ya Kiingereza isiyo na jalada. Kila wiki neno moja. Wenzake walimcheka, eti anataka kumfundisha Mzungu lugha yake.

Wiki ya kustaafu alichagua neno thank. Nani asiyelijua? Kumbe hakujua kitu. Kamusi ilimwambia kwamba neno hilo ni ndugu wa think, kufikiri. Hapo kale lilikuwa wazo tu; likaja kuwa wazo jema juu ya mtu, na mwisho likawa shukrani. Chini kidogo akaona kwamba Waingereza hulitumia hata kulaumu: umejitakia mwenyewe, jishukuru. Hilo lilimchekesha. Lile la kwanza, la kufikiri, lilimfanya amfikirie Nusura.

Nusura, Mnubi muuza chai wa pale nje ya lango, alikuwa jirani yake wa ukuta mmoja kwa miaka ishirini. Ayaa alipopelekwa kikazi Karamoja kwa miezi saba, mwanawe Okwir alikuwa bado ananyonya. Nusura naye alikuwa na kichanga chake, Rajab, akawanyonyesha wote wawili. Ayaa aliporudi alimchukua mtoto, yakaisha. Kambini majirani hawaambiani asante. Ukiisema, ni kama unaaga.

Na sasa alikuwa anaaga kweli. Basi la kwao Kitgum lilikuwa la Jumamosi asubuhi. Okwir, aliyeanza chuo mwaka huu, angebaki, na alikuwa ametafutiwa chumba cha kupanga mtaani Kasubi.

Sherehe ilifanyika Ijumaa mchana, chini ya hema. Wakubwa walikalia viti vya mbele. Nusura alisimama nyuma na birika lake. Ayaa alifungua karatasi yake na kusoma, "Itifaki imezingatiwa," ile kauli ya kuwaruka watu wote kwa mkupuo. Aliona aibu, aibu ya kweli.

"Hapana, haijazingatiwa," alisema, akaikunja karatasi. "Iko mtu moja mimi naruka miaka yote. Nusura, kuja hapa mbele."

Nusura alikuja na birika mkononi.

"Nilienda Karamoja. Huyu mama akanyonyesha Okwir na Rajab, moja huku, moja huku. Nikarudi, nikachukua mtoto, sikusema kitu." Akamgeukia Nusura. "Lakini hakuna siku mimi sikufikiri wewe. Asante, dada yangu."

Wakubwa walipiga makofi. Nusura hakupiga. Alitua birika mezani, akalitazama.

"Hiyo asante mimi nilikuwa naogopa," alisema. "Nilijua siku utasema, unaenda."

"Naenda, dada. Kesho."

Nusura alimimina kikombe kimoja, akampa Ayaa kabla ya mkubwa yeyote, na hakuna aliyethubutu kuguna.

"Basi kunywa," alisema. "Na hiyo chumba ya Kasubi, wacha. Mtoto yangu hawezi kulala kwa watu."

Ayaa alitaka kusema asante tena. Akanywa chai.