Mshale Haukuinama

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya hayakumpata jirani wa jirani yangu, wala sikuyaokota kwenye foleni ya maji. Yalinipata mimi, nyumbani kwangu Magogoni, mchana jua likiwaka, nikiwa na akili zangu timamu. Na mimi si mtu wa kuamini mambo upesi. Mtu akiniambia ameona jini, humuuliza kwanza amekula nini. Mume wangu, Salim, husema ningezaliwa mwanamume ningekuwa askari wa forodha, kwa jinsi ninavyoshuku kila mzigo unaopita mbele yangu.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Salim alikuwa na studio ndogo ya kurekodi kaseti katika chumba cha uani: kaswida, taarabu, nyimbo za harusi. Ukutani tulipigilia magodoro ya zamani kuzuia kelele, ingawa mbuzi wa jirani hakuwahi kuheshimu godoro. Wanaume aliwarekodi Salim. Wanawake niliwarekodi mimi, kwa sababu waimbaji wetu wengi hawakupenda kuimba mbele ya mume wa mtu, na waume zao hawakupenda zaidi. Siku yetu ilikuwa Ijumaa, wakati Salim na wanaume wa mtaa wako msikitini. Mtaa ulitulia, na sisi tukapata chumba chetu.

Kitu alichojivunia Salim, hata kunishinda mimi, kilikuwa mashine moja nzee ya kubana sauti. Aliipata Changamwe kwa fundi mmoja aliyekuwa akinunua vyombo vilivyotolewa melini. Jina lake hasa ni kompresa, lakini tulipoitaja hivyo vijana walituletea baiskeli tuwajazie pumzi, basi tukaiita Mbano, sisi wenyewe humu ndani. Ilikuwa na taa za kioo tumboni kama redio za zamani, na lazima uiwashe mapema ipate moto. Kazi yake ni hii: mwimbaji akipaza ghafla, inamshika asikwaruze kaseti, akinong'ona, inamnyanyua asikike. Usoni ilikuwa na kidirisha chenye mshale. Sauti ikiingia, mshale unainama. Sauti kubwa, unainama sana. Kikohozi, unainama kidogo. Hata mbuzi wa jirani aliinamiwa.

Mwimbaji wangu mkubwa alikuwa mdogo wangu, Mishi. Simsifu kwa kuwa ni wangu, lakini Mishi akiimba harusini wapishi walisahau vyungu. Hakuwa na kazi nyingine wala hakuitaka. Aliwahi kuniambia kwamba siku asiyoimba hujiona kama hayupo duniani. Wakati huo tulikuwa tukimtayarishia kaseti yake mwenyewe, ya kwanza, na alikuwa hana usingizi kwa furaha.

Mishi alilelewa na shangazi yetu, mtaa wa Shika Adabu kule Likoni, na sijui ni shangazi aliyemfunza au ni jina la mtaa, lakini ile adabu ilimwingia mpaka kwenye mifupa. Ukimwita, hata yuko usingizini, ataitika "Abee!" kabla hujamaliza jina. Mimi nikiitwa huuliza, "Nani?" Ndiyo maana shangazi alimpenda yeye.

Basi Ijumaa hiyo Salim alikuwa ameshatoka na kanzu yake. Mishi ameshavuka feri na kufika, tumekaa tunangoja Mbano ipate moto. Nikasikia hodi. Alikuwa mwanamke wa makamo, buibui jipya, uso amefunika yakabaki macho, mkononi ana mkoba mweusi. Akatuamkia vizuri sana. Akasema anaitwa Rukia na anatoka Mkomani. Nikamuuliza Mkomani kwa nani. Akajibu, "Karibu na bahari." Sasa niambie wewe, ni nani Mkomani aliye mbali na bahari?

Hapo ndipo nilipoanza kumtazama kwa jicho la forodha.

Akafungua mkoba, akatoa kompyuta ya kupakata. Siku hizo kompyuta tulizijua za ofisini, kubwa, zenye kufunikwa kitambaa. Akaiweka mapajani kama mwana.

"Humu ndani mna Mbano tatu," akasema.

Nilishtuka. Hilo jina la Mbano lilikuwa la nyumbani. Nani alimwambia? Nikamtazama Mishi, Mishi akatikisa kichwa kwamba si yeye.

Yule mwanamke akaeleza, tena kwa ufasaha. Watu wa mbali, alisema, wameanza kuziiga mashine kama hii kwa programu, ili mtu asihangaike na chuma na taa. Yeye anayo miigo mitatu, kila mmoja umetengenezwa na fundi wake, na kila fundi anasema wake ndio uliofanana. Hawezi kujua ukweli bila kuilinganisha na mashine yenyewe. Alichohitaji ni sauti moja nzuri tu ya kujaribia.

"Watu wasema wewe mjuzi wa mashine hii," akaniambia. "Nataka masikio yako." Kisha akamgeukia Mishi. "Na sauti yako, mwanangu."

Mishi tayari alikuwa ameshasimama. Kwake mtu kuja na kompyuta kutafuta sauti yake ilikuwa ndoto. Mimi nikasema kwanza tupime kipaza sauti, tuone mashine iko sawa. Nikavaa hedifoni. Nikamwomba mgeni aseme lolote.

Akasema, "Moja, mbili, tatu."

Nilimsikia vizuri kabisa, sauti nyembamba, kavu kidogo, ya mtu aliyekaa sana bila kunywa maji. Lakini mshale haukuinama. Ulisimama pale pale. Nikadhani Mbano haijapata moto. Nikamwambia Mishi aseme, mshale ukainama. Nikasema mimi, ukainama. Mbuzi akalia nje, ukainama. Nikamwomba mgeni arudie. Akahesabu tena taratibu, nikamsikia kila neno, na mshale ukabaki umesimama kama askari.

Sasa mtu wa pwani akiingia shaka juu ya mgeni wa kike, hutazama wapi? Hutazama miguu. Nami nikatazama, huku najifanya naokota waya. Wallahi ilikuwa miguu ya binadamu, vidole vitano, imepakwa hina vizuri, hata ukucha mmoja umevunjika kama wangu. Nikashusha pumzi. Huo ndio upumbavu wetu: tumeambiwa tangu utotoni kwamba alama ya jini ni kwato, na tukikosa kwato tunamkaribisha mtu kahawa.

"Na wewe watazama miguu?" akaniuliza kwa upole. "Wote hutazama miguu."

Mishi akacheka. Mimi sikucheka. Lakini ningesemaje? Toka nyumbani kwangu, kwa kuwa mshale hautaki kukusikia? Akaniambia mashine kuukuu ina maringo yake, na sauti yake yeye ni hafifu tangu zamani. Nilijua si kweli. Mshale ulioinamia mbuzi wa nje ya ukuta utashindwaje na mtu aliyekaa karibu na kipaza sauti? Hata hivyo mgeni ni mgeni, na Mishi alikuwa ananikodolea macho ya kusihi.

Tukaanza. Mishi akaimba ubeti mmoja wa kumuaga bibi harusi, sauti ikaingia ghafi kwenye kompyuta, bila kubanwa. Kisha tukaipitisha sauti ile ile kwenye Mbano. Kisha kwenye miigo, mmoja baada ya mwingine. Mishi na mimi kila mtu na hedifoni yake, na mimi nimegeuzwa uso ukutani ili nihukumu kwa masikio tu.

Mwigo wa kwanza niliutambua upesi. Ulibana kwa pupa, sauti ikatoka bapa kama chapati iliyokaliwa. Wa pili ulikuwa mzuri, lazima niseme, lakini ulimeza pumzi. Mishi alikuwa akivuta hewa kidogo kabla ya kila mstari, na Mbano huinyanyua ile pumzi ukaisikia imekusogelea sikioni. Kwenye mwigo wa pili Mishi aliimba kama mtu asiyepumua.

Ukaja mwingine. Pumzi ipo, utamu upo, hata ule mvumo mdogo wa taa za kioo upo. Nikasema, "Hii ni mashine yenyewe."

"Sio," akasema mgeni. "Huo ni mwigo wa tatu."

Nilikataa. Nikamwambia arudie. Akarudia, na safari hii nikasikiliza mwisho, pale mwimbaji anapomaliza. Ukitaka kuijua mashine ya kubana, sikiliza kimya chake. Sauti kubwa ikiondoka, mashine hulegea, na vile vitu vidogo vilivyokuwa nyuma huja mbele: kiti kinalia, feni inazunguka, mbuzi wa watu. Kwenye Mbano nilikuwa nimevisikia vyote vitatu. Kwenye mwigo wa tatu nilivisikia vyote vitatu pia. Halafu, nyuma ya hivyo vyote, mbali, mahali ambapo tulikuwa tumenyamaza sote, mtu akaita.

"Mishi."

Nilitaka kugeuka, nimzibe mdomo, nimng'oe ile hedifoni. Lakini utamshindaje mtu aliyelelewa vizuri?

"Abee!" akaitika Mishi.

Mwanamke akafunga kompyuta. Aliyekuwa na maneno ya adabu tangu mlangoni aliondoka bila kwaheri, bila shukrani, akavaa viatu vyake akapita uani. Mishi alikaa kitini, mkono kooni, ananitazama. Nikamuuliza, "Wajisikiaje?" Akatikisa kichwa tu.

Haukupita muda Salim akaingia kutoka msikitini, anajifuta jasho.

"Mishi yuwaenda wapi mbio vile?" akauliza. "Nimepishana naye hapo kwa kinyozi, amejifunika gubigubi. Kaniamkia, 'Shikamoo, shemeji,' hata hakusimama."

Nikamwonyesha kiti kwa kidole. Salim akamwona Mishi, akanitazama mimi, akamtazama tena Mishi. "Lakini sauti nimeijua," akasema. "Ilikuwa yake."

Na Mishi akafungua mdomo. "Shemeji, mimi niko hapa."

Sauti nyembamba. Kavu kidogo. Ya mtu aliyekaa sana bila kunywa maji.

Salim ni mtu wa vyombo, haamini kitu mpaka akipime. Akamkalisha Mishi mbele ya kipaza sauti. Akamwambia ahesabu. Mishi akahesabu huku machozi yanamtoka, na mshale ukasimama pale pale. Salim aliigonga Mbano kwa ngumi. Mshale ukainamia ngumi.

Tulimpeleka hospitali, daktari akatazama koo, akasema ni koo zuri kabisa. Tulimpeleka kwa sheikh. Alisoma, kisha akauliza jambo moja tu: "Aliitika?" Nikasema aliitika. Akainamisha macho, akaendelea kusoma, lakini nilimuona uso wake na nikajua sauti haitarudi.

Ile kaseti haikutoka. Harusini watu walimpa Mishi pole ya mafua, halafu wakachoka kumpa pole, halafu wakamtafuta mwimbaji mwingine. Aliolewa, akazaa, yuko Shika Adabu mpaka leo. Sauti aliyobaki nayo inatosha kununulia samaki na kuwakemea watoto. Kuimba hawezi. Alijaribu kumbembeleza mwanawe wa kwanza, mtoto akalia kwa hofu, hakujaribu tena. Wanawe ukiwaita huuliza, "Nani?" kwa ukali, na majirani husema watoto wa Mishi hawana adabu. Yeye ndiye aliyewafundisha.

Na mimi? Mimi ndiye ninayeitwa sasa.

Huja mchana, siku ya Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini. Si kila Ijumaa. Nakuwa napepeta mchele au nakunja nguo, nasikia nje ya mlango: "Dada." Ni Mishi wa zamani. Ni ile sauti hasa, na ile pumzi ndogo mbele yake. Wakati mwingine inaimba mstari mmoja halafu inaniita tena, "Dada, nifungulie." Usifikiri naogopa tu. Naitamani. Hakuna sauti duniani niliyoikosa kama ile, na kila ikija nauma kitambaa nisiitike.

Siku moja ilikuja wakati Mishi mwenyewe yuko kwangu, tumekaa jikoni. Sauti yake ikaita mlangoni, "Dada." Nilimtazama. Nilidhani atapiga kelele, atakimbia. Akaniwekea kiganja mdomoni, polepole, kisha akainuka akaenda kuegemeza sikio kwenye mlango.

"Usiseme kitu, dada," akaninong'oneza kwa ile sauti ya mgeni. "Niache nijisikilize."

Nikamwacha. Alisikiliza mpaka ikanyamaza.

Basi nawe, usiyasikilize haya kama hadithi ya kupitishia wakati. Usihangaike na miguu ya watu. Ukiitwa na sauti ambayo mwenyewe humuoni, hata ukiipenda vipi, uliza kwanza ni nani, tena ungoje jibu. Bora uitwe mkosa adabu.