Walisema mtungi ni wao, gesi ni yangu: kwa nini sikodi tena mtungi wa argon

Wakuu, salaam.

Juzi kuna member aliuliza humu: anataka kuanza kuchomelea nyumbani, je, anunue mtungi wa argon au akodi? Mkamjibu nyote kwa kauli moja: kodi. Mimi nilizima simu kwa hasira. Leo nimetulia kidogo, naweza kujibu.

Haya yalinipata mwenyewe. Mke wangu Mwende ameketi hapa kando, na nikitia chumvi atanikatiza.

Ilikuwa miaka ya themanini, Malindi. Mimi ni mtu wa bara, nilishuka pwani kutafuta kazi nikajenga nyumba ya mabati mtaa wa Kisumu Ndogo.

Kwa wasiojua mambo ya huku: nyumba ilikuwa yangu, ardhi ilikuwa ya Mzee Twahir. Unajenga, unalipa kodi ya kiwanja, na mwenye ardhi akiitaka siku moja unabomoa, unabeba mabati yako unaenda.

Uani kwangu nilikuwa nachomelea mageti na grili za madirisha kwa vijiti vya kawaida. Kisha hoteli zikazidi ufuoni, na kila moja inataka meza za jikoni za stainless, chuma kisichoshika kutu. Kazi hiyo safi inataka mashine ya TIG na gesi ya argon, ile inayofunika pale unapochoma hewa isiingie. Bila hiyo chuma kinatoka cheusi kina vishimo.

Mashine niliipata kwa Mzungu mmoja mwenye boti aliyekuwa anarudi kwao. Mtungi hakuwa nao.

Nilitaka kununua wangu. Watu wakanicheka. Wa kununua mpaka uutafute Mombasa, na ajenti wa gesi yuko hapa hapa mjini anakodisha, unatia sahihi unabeba. Nikatia sahihi. Karatasi sikuisoma. Ujinga huo ni wangu, simsingizii mtu.

Mwaka wa kwanza hakukuwa na shida.

Kisha nikapata kazi ya hoteli moja: meza sita, zifike Ijumaa. Nikichelewa, kazi anapewa mwingine. Huyo mwingine nilimjua. Alikuwa ajenti yule yule, maana naye alikuwa ameshafungua karakana yake.

Jumatano asubuhi, meza ya sita haijawekwa miguu, pikapu ikasimama mlangoni. Ajenti na mpakiaji wake.

"Fundi, mtungi unarudi leo."

Nikamwambia kodi nimelipa, na gesi bado ni zaidi ya nusu.

Akafungua karatasi. "Mtungi ni wetu, tunauchukua wakati wowote. Hii sahihi si yako?"

Ilikuwa yangu.

"Na gesi niliyoilipia je?"

"Gesi ni yako," akasema huku anacheka. "Toa gesi yako, sisi tuchukue mtungi wetu."

Nilikuwa na nyundo mkononi, nikaiweka chini kwa sababu nilijiogopa.

Mwende alikuwa anafua. Akasimama, povu mikononi, akasema kwa upole kabisa, "Si amekwambia utoe? Toa basi."

Ilinichukua muda kidogo kuelewa. Nilipoelewa nikavaa kinyago, nikawasha mashine, nikakaa kwenye meza ya sita.

Ajenti akamwamuru mpakiaji afungue mpira wa gesi. Mpakiaji akautazama ule moto, akasema hapana, ana watoto.

Wakati huo Mzee Twahir akaingia. Alikuwa ameona gari la mtu kwenye kiwanja chake na hakuna aliyemwomba ruhusa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kuna nini hapa?"

Akaelezwa na pande zote mbili. Akamgeukia ajenti. "Wewe kwa ulimi wako umesema gesi ni yake?"

"Nimesema, lakini Mzee..."

"Basi subiri, bwana. Mimi nina watu wamejenga hapa. Siku nikiitaka ardhi yangu siwavunjii nyumba nao wamo ndani. Nawapa muda watoe chao. Ndivyo alivyofanya marehemu babangu, nami ndivyo nifanyavyo. Huyu naye anatoa chake. Keti."

Niseme ukweli, Mzee Twahir sikuwa nampenda, na mpaka leo sijui kama alitetea haki au aliudhika tu kwamba mtu kaingia kwake bila hodi. Lakini ajenti aliketi.

Saa sita mchana meza ilikuwa tayari. Gesi bado ipo.

Mwende akapita vichochoroni: leteni sufuria zilizotoboka, leo fundi anaziba bure. Wakaja kina mama na sufuria, mabirika, mpaka karai. Ajenti yuko juani juu ya tairi bovu, anatazama saa. Nikiziba moja, naomba nyingine.

Mzee Twahir naye akaagiza sufuria lake la kupikia pilau ya harusi, lile la watu wawili kubeba, mkono ulikuwa umekatika. Nikaurudisha. Akaukagua kwa miwani na hakusema asante.

Gesi iliisha jua linakaribia kuzama. Nikafungua geji mwenyewe, nikaupangusa mtungi kwa kitambaa, nikawasaidia kuupakia.

"Chukua chako," nikamwambia ajenti. Sijawahi kufurahi vile maishani, na ninajumuisha siku ya harusi yangu. (Mwende amesoma hapo, amenifinya.)

Ijumaa meza zote sita zilikuwa hotelini.

Malipo yote yakaenda kwenye mtungi wangu, nilioununua kwa karakana ya meli iliyokuwa inafungwa Mombasa, pamoja na hati zake. Ajenti akasema mtungi wa mtu binafsi yeye hajazi.

Basi kila gesi ikiisha naupandisha lori la korosho, feri ya Kilifi kwa sababu daraja halikuwepo, Mtwapa, Mombasa, na kurudi. Siku mbili za kazi zinapotea. Mkiniambia kukodi kunapunguza gharama, sibishi hata kidogo.

Baada ya miaka miwili ajenti akatuma salamu: nilete tu, atanijazia. Duka lake lilikuwa kando ya barabara tunayopita. Safari iliyofuata nikamwomba dereva apunguze mwendo pale mbele. Nikapita nimeketi juu ya mtungi wangu, namtazama usoni, nikaendelea mpaka Mombasa.

Kijana uliyeuliza, usianze na bei. Uliza ni nani anaweza kuja kuuchukua ukiwa katikati ya kazi. Jibu likikuridhisha, kodi kwa amani.

Mnaokodi, leteni hoja zenu hapa chini, hata kwa ukali. Mimi msimamo ni ule ule: ningepita tena mbele ya duka lile, na dereva ningemwomba aende polepole zaidi.