Visu Vilivyosema Mara Mbili

Siku ya kwanza kazini sikupewa tupa wala nyundo. Fundi Mkuu, Mzee Ndahani, alinikalisha kando ya dirisha, akaniambia nifumbe macho, akaanza kufungua visu kimoja baada ya kingine karibu na sikio langu.

"Umesikia nini?"

"Mlio, Mzee."

"Mlio hata mlango unao. Sikiliza tena."

Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne. Fundi Lameck, aliyekuwa akisugua shaba pembeni, akasema, "Msomi huyu tumtafutie redio."

Jioni nilikuwa nimeelewa. Kisu cha kukunja cha karakana yetu pale Dodoma kilisema mara mbili: ta, kikifika nusu, ta, kikifunguka chote. Mgongoni mwa mpini kuna springi, kipande chembamba cha chuma kinachokandamiza kisigino cha bapa, ule upande wenye makali. Kisigino kikichongwa pembe sawasawa, bapa husimama nusu njia, nawe unapokifunga unapata nafasi ya kuondoa vidole. Mzee alifundishwa mtindo huo ujanani, kwenye karakana ya reli, na fundi wa Kiingereza aliyesema kwao visu hivyo ni vya tangu enzi za mababu.

Chuma tulikikata kwenye springi za malori mabovu. Mipini ilikuwa pembe za ng'ombe, tulizozichemsha zikalainika, tukazibana kwenye jiliwa mpaka zinyooke. Mwisho yalikuja mapambo: mzabibu uliochongwa kwa tupa nyembamba juu ya springi, toka ncha hadi ncha. Yule Mwingereza alimwonyesha Mzee majani tu. Mzee alikwenda Hombolo, akazunguka mashambani akiitazama mizabibu yenyewe, akarudi na kuongeza vikonyo vinavyojiviringa. "Bwana yule hakuwahi kupalilia zabibu," alituambia.

Wafugaji walivipenda visu vile. Mtu alinunua kimoja, akakitumia maisha yake yote, kisha akamwachia mwanawe.

Halafu milango ya biashara ikafunguliwa. Vibanda vya sokoni vikajaa visu vya kutoka nje, vya mipini ya plastiki, rahisi, vinavyong'aa. Wateja wetu wakapungua mpaka tukawa tunafagia karakana isiyo na takataka.

Meneja wa karakana hakuwa mtu mbaya. Alihangaika mpaka akapata ofisi moja mjini iliyotaka zawadi za wageni wake. Alitueleza wazi kwamba tukiikosa oda ile, anafunga. Nilifuatana naye kupeleka kisu cha mfano. Afisa Ugavi alikifungua, kikasimama nusu.

"Kinakwama."

"Hakikwami, mheshimiwa," nikasema. "Kinakulindia vidole."

"Vidole vyangu nimevilinda mwenyewe mpaka leo." Akatoa mfukoni kisu cha dukani, akakifungua kwa kidole gumba. Hakikutoa sauti. "Umeona? Laini. Niletee hivi."

"Tutarekebisha," Meneja akasema haraka.

Karakanani, Mzee Ndahani alimsikiliza Meneja bila kuinua macho.

"Watu wameshazoea vile vya dukani, Mzee wangu."

"Wamezoea tangu lini? Juzi?"

"Hiyo juzi ndiyo soko. Na mizabibu tuiache, inatuchelewesha." Meneja akatuonyesha sisi kwa mkono. "Nisipofanya hivi, hawa watakula nini?"

Mzee akatutazama, mmoja mmoja. Nadhani kama angalau mmoja wetu angesema neno, asingekubali. Hatukusema. Akachukua tupa, akatugeuzia mgongo, akavisugua mwenyewe visigino vya visu vyote mpaka vikawa mviringo. Lameck alitaka kumsaidia, akakataliwa. "Hii kazi si ya kufundishana," Mzee alisema.

Tulivipeleka. Afisa Ugavi akafungua kimoja, akatoa kile cha mfukoni, akaviweka sambamba juu ya meza. Alifurahi kweli.

"Safi. Sasa vinafanana." Akavitazama tena, akakunja uso kidogo. "Lakini kama ni vilevile, kwa nini nisichukue vya dukani?"

Hakuwa na kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Jibu lilikuwa limebaki karakanani, unga wa chuma chini ya jiliwa la Mzee.

Oda tukaikosa, karakana ikafungwa. Mzee Ndahani alirudi kwao Zuzu, na huko ndiko alikozikwa. Mimi nimebangaiza kila mahali reli na barabara zinapofika, nikauza mitumba, nikachoma matofali. Najiita mstaafu, nanyi mtashangaa mstaafu gani huyu mwenye miaka arobaini na kitu. Kazi ndiyo iliyostaafu. Mimi nilibaki nje yake.

Mwaka jana nilikuwa mnadani Mlali. Nyuma yangu nikasikia ta, ta. Niligeuka kabla sijajua kwa nini. Mzee mmoja mfugaji alikuwa anakata kamba ya mbuzi. Nilimwamkia, nikaomba nikishike kisu chake. Mzabibu ulikuwa umesuguliwa na mfuko, lakini vikonyo vya Hombolo vilikuwepo bado.

"Springi imechoka," aliniambia. "Namtafuta fundi wa kuikaza. Unamfahamu yeyote?"

Vidole vyangu vilijua pa kuanzia. Lakini tupa zile ziliuzwa pamoja na jiliwa, na fuawe tuliyofulia chuma ilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

"Hapana, Mzee," nikamjibu.

Nikakifunga polepole, nikilishikilia bapa kwa kidole ili lisiseme, nikamrudishia.