Kiti cha Sita

Solange Thouvenin amepaka rangi viti kwa miaka thelathini na minane katika karakana yetu hapa Liffol, Ufaransa. Ni viti vya kuiga vile vya enzi za wafalme: kijivu hafifu, mistari ya buluu, ua dogo lililochongwa juu ya egemeo. Chini ya kila kimoja kuna chapa na mwaka, hatumdanganyi mtu. Ila wateja hupenda kiti kipya kionekane kimekaliwa, na Solange hauamini msasa. Anasema msasa huchubua mahali ambapo mkono wa mtu haufiki. Kwa hiyo seti ya oda maalumu huipeleka kwanza jikoni kwake, ikakaliwa mwaka mzima, ndipo iuzwe.

Ndivyo Fernand, mumewe, alivyokunywa supu miaka yote hiyo juu ya viti vya watu, mgongo wima.

"Usibembee na kiti! Utaimaliza miguu ya nyuma," Solange humkemea.

"Hata padri huegemea, mama," Fernand hujibu.

"Padri hana oda ya viti sita."

Mwaka huu Solange alikuwa anastaafu. Seti ya mwisho ilipoingia jikoni mwaka jana, alisema mezani, mimi jirani yao na mfanyakazi mwenzake nikiwepo, kwamba angefurahi kimoja kibaki kiwe chake. Kisha akasema basi, oda ni sita.

Mwezi wa Mei Mougeot, mwenye karakana, alikuja kuvichukua. Alivikagua kimoja kimoja, akipitisha kidole kwenye rangi. Cha sita alipokiweka chini kiliyumba.

"Solange, hiki kimefanywa nini? Miguu ya nyuma imelika. Na huku juu kimesugua ukuta mpaka mbao inaonekana!"

Solange akageuka. "Fernand!"

"Nilibembea," alisema Fernand. "Kila ulipokwenda sokoni. Tangu Novemba."

"Mzee mzima, huna haya?"

"Sina."

Mougeot alicheka hadi akashika meza. "Hiki hakiuziki. Kaa nacho. Nitakuletea kingine ukipake."

"Nitakipaka," Solange alisema. "Na mara hii moja tu nitatumia msasa."

Mchana ule jikoni kulikuwa na kiti kimoja. Fernand alikisogeza kwa mkewe, yeye akakalia kreti la kuni. Solange aliketi wima kidogo, kwa mazoea. Halafu akasukuma sakafu kwa kidole cha mguu, taratibu, mpaka egemeo likagusa ukuta.

"Angalia miguu ya nyuma," Fernand alisema.

"Kunywa supu yako."